Abiria asiye na jina: maisha ya familia moja baada ya MV Bukoba

Karibu miaka 30 tangu MV Bukoba izame Ziwa Victoria, zipo familia za wafanyabiashara ambazo hazikupata mwili wa kuzika wala karatasi ya kuonyesha. Mwandishi wa makala haya anatoka katika mojawapo.

Jioni ya Jumatatu, Mei 20, 1996, Baba alivaa koti lake la kaki, akatia daftari la madeni kwenye mfuko wa ndani, akamwambia Mama kuwa Alhamisi angekuwa amerudi. Alikuwa akipeleka mikungu ya ndizi Mwanza, kama alivyofanya kila baada ya wiki mbili. Nilikuwa na miaka 13. Nilimsindikiza hadi njia panda, akanipa sarafu ya shilingi 20, akaniambia nirudi nikasome. Niliondoka mbio bila kugeuka nyuma.

Meli aliyopanda pale Kemondo ilikuwa MV Bukoba. Asubuhi ya Mei 21, ikiwa inakaribia Mwanza, ilipinduka. Ilikuwa imetengenezwa kubeba abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili pekee ilikuwa na majina 443. Daraja la tatu, ambako wachuuzi wengi walisafiri kwa nauli nafuu pamoja na mizigo yao, halikuwa na orodha yoyote. Watu zaidi ya 800 wanaaminika kufa.

Baba alisafiri daraja la tatu.

Kila mwaka, Mei 21 ikifika, hotuba hutolewa na mashada huwekwa kwenye makaburi ya Igoma, Mwanza. Jambo ambalo halisemwi sana ni hili la watu ambao hawakuandikwa popote. Familia zao hazikupewa mwili, na zilipokwenda kuomba haki zao ziliulizwa swali moja: mna ushahidi gani kwamba ndugu yenu alipanda?

“Sikumwona”

Habari tulizipata kwa Radio Tanzania, tukiwa tumejaa uani kwa balozi wa nyumba kumi. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Wakubwa walikuwa wakinong’ona kuhusu watu waliosikika wakigonga kutoka ndani ya meli iliyopinduka, na jinsi ilivyotobolewa ili waokolewe, hewa ikatoka, ikazama.

Baba mdogo aliondoka siku hiyohiyo kwa barabara. Leo kati ya Kigongo na Busisi kuna daraja. Wakati ule ilibidi upite Biharamulo na Geita kwenye vumbi, kisha usubiri pantoni. Alifika Mwanza akakuta miili imepangwa uwanjani, na watu wakipita katikati ya mistari, leso puani, wakitafuta shati, pete, kovu. Wazamiaji walikuja hata kutoka Afrika Kusini. Miili iliyokuwa ikitoka majini ilizidi kuharibika kila siku, na ambayo haikutambuliwa ilizikwa Igoma.

Alikaa huko siku 8. Aliporudi hakumsalimu mtu. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, Bibi akatoka ndani akamsimamia.

“Umemwona?”

“Sikumwona, Mama.”

“Basi yupo,” Bibi akasema, akarudi jikoni.

Neno moja, “sikumwona”, lilisikika kwa namna mbili katika nyumba moja. Baba mdogo alikuwa akisema kaka yake amekufa na hata maiti yake haikupatikana. Bibi alisikia kwamba mwanawe hakuwamo miongoni mwa wafu. Kwa miaka 5 iliyofuata tuliishi katikati ya maana hizo mbili.

Sahani ya Baba

Kila jioni Bibi alipakua chakula cha Baba, akakifunika kwa jani la mgomba. Asubuhi tulikila sisi watoto kabla ya kwenda shule. Mlango wa mbele haukuwekwa komeo. Mama hakukataa wala hakukubali, alifagia na kulima, akanyamaza.

Tanga halikuwekwa, kwa hiyo halikuweza kuanuliwa. Mama hakuwa mjane wala hakuwa mke wa mtu aliyepo. Kwenye vikao vya harusi hawakujua wamketishe na nani. Shuleni nilipopewa fomu yenye nafasi ya “Baba: yupo / amefariki”, niliiacha wazi. Mwalimu alinirudishia, nikaiacha wazi tena.

Kisha zikaja tetesi. Mtu amemwona Kisumu akiuza viatu. Mtu mwingine amesikia kuna Mhaya aliyeokotwa na wavuvi upande wa Ukerewe, hakumbuki jina lake. Baba mdogo alikwenda Ukerewe, akakuta ni kweli kuna mgeni, lakini alikuwa kijana wa miaka 20. Mwaka uliofuata mtu mwenye suti alifika na kusema Baba amelazwa Jinja, anadaiwa hospitalini, naye angeweza kumleta akipewa fedha. Mama aliuza baiskeli ya Baba, na yule mtu hatukumwona tena.

Nalisema hili kwa sababu watu wa aina hiyo bado wapo. Popote mtu anapopotea mpakani au majini, siku chache baadaye hufika mtu anayejua alipo na anayehitaji nauli. Familia hutoa hata inapohisi ni uongo, maana kutokutoa ni sawa na kukiri.

Daftari lililozama

Watu hudhani msiba wa namna hii ni machozi tu. Kwetu, wiki ya tatu, ulikuwa ni hesabu.

Baba alifanya biashara kwa mali kauli, kama wengi wenu. Mikungu aliichukua kwa wakulima kwa ahadi ya kulipa akirudi. Kutoka Mwanza alileta dagaa, chumvi na kandambili. Vingine aliuza Kemondo, vingine alivipeleka Mutukula kwa wanunuzi wa Uganda, nao waliwahi kulipa nusu na kuacha nusu. Alikuwa pia kwenye upatu, na zamu yake ya kupokea ilikuwa imeshapita. Yote hayo yaliandikwa katika daftari moja, na daftari hilo lilikuwa kwenye koti.

Waliomdai Baba walikuja wote. Walikuja kwa adabu, wakaketi, wakapokea kahawa ya kutafuna, wakatoa pole, kisha wakataja kiasi chao. Mama hakuwa na cha kulinganisha, akakubali kila alichoambiwa. Wale ambao Baba aliwadai walinyamaza. Baadhi yao tulipishana nao sokoni kila wiki.

Shamba la kahawa nalo lilikwama. Uanachama kwenye ushirika ulikuwa kwa jina la Baba. Kahawa tulivuna wenyewe na kuipeleka wenyewe, lakini malipo hayakutoka bila saini yake au uthibitisho wa kifo. Mama aliporudi mara ya tatu, karani alimwambia atafute kwanza jina la mumewe kwenye orodha ya meli. Alikuwa akimtuma mahali ambapo hakukuwa na kitu.

Desemba mwaka huohuo, mwanamume mnene aliyevaa kanzu alishuka kwenye lori la mizigo akauliza kwetu ni wapi. Alitoka Kyotera, ng’ambo ya Mutukula. Alikuwa amemngoja Baba tangu Juni, akadhani amehamia kwa mnunuzi mwingine, mpaka dereva mmoja alipompa habari.

“Nnyabo,” alimwambia Mama, “mume wako aliandika kwake, nami niliandika kwangu. Chake kimezama. Changu hiki.”

Akafungua daftari la shule lililokunjwa katikati. Palikuwa na tarehe, magunia ya dagaa, kilicholipwa na kilichobaki. Akatoa noti za Uganda zilizofungwa kwa raba, akazihesabu mbele ya Bibi. Kisha akafanya jambo lililotusaidia kuliko fedha zenyewe. Alitaja wanunuzi wengine wawili wa Mutukula ambao walikuwa wakichukua mzigo pamoja naye, akaeleza kwa kumbukumbu yake kila mmoja alibakiza kiasi gani. Mmoja wao alilipa. Wa pili alisema hamjui Baba.

Fedha hizo zilinisomesha kidato cha kwanza. Mama hakuwahi kuvuka mpaka ule kabla ya hapo. Mwaka uliofuata alivuka akiwa na magunia mawili ya maharage, akaanza kufanya biashara na Mganda yuleyule.

“Mnakwenda kumuua kwa karatasi”

Katika nchi zetu, sheria huipa familia ya aliyepotea muda wa kungoja kabla ya kumhesabu kuwa amekufa. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataja miaka 5 bila habari kwa wale ambao kwa kawaida wangezipata. Kenya, Sheria ya Ushahidi inataja miaka 7. Uganda pia ina sheria mahususi ya mali za watu waliopotea, ambayo inawaruhusu ndugu kuomba mahakama iwape usimamizi wa mali baada ya miezi 6 bila habari, ili shamba lisife na watoto wasikose karo wakati wa kungoja.

Tofauti hizi si ndogo kwa mtu ambaye duka lake liko Mutukula, mke yuko Bukoba na mzigo uko Kampala. Familia yake inaweza kujikuta ikingoja kwa kalenda mbili.

Penye ajali inayojulikana, mahakama haina lazima ya kungoja miaka yote hiyo, ikiwa kuna ushahidi wa kuridhisha kwamba mtu huyo alikuwamo. Ndiyo maana orodha ya abiria ni zaidi ya karatasi ya bandari. Jina likiwamo, familia ina mahali pa kuanzia. Sisi hatukuwa nalo, tukangoja.

Katikati ya mwaka 2001 Mama alisema anakwenda Mahakama ya Mwanzo. Bibi alikuwa akimenya ndizi. Hakuinua uso.

“Mnakwenda kumuua mwanangu kwa karatasi.”

“Mama, mimi simwui,” Mama akajibu. “Naomba ruhusa ya kuwalisha wanawe.”

Bibi hakusema na mtu kwa siku tatu. Siku ya nne alfajiri aliingia chumbani kwa Mama na sanduku lake la bati, akatoa cheti cha ubatizo cha Baba kilichofungwa kwenye kitambaa. “Kama wataandika,” akasema, “waandike jina lake lote. Wasilikate.”

Ilibaki kuthibitisha kwamba alipanda. Mashahidi wetu walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mchukuzi wa pale Kemondo aliyembebea mikungu hadi melini, ambaye alikumbuka kwa sababu Baba alimlipa pungufu na kuahidi kummalizia Alhamisi. Wa pili alikuwa mama mmoja aliyeuza kahawa ya kutafuna bandarini. Baba alinunua kwake fungu moja, akapanda, akamwaga kwaheri kwa mkono kutoka kwenye reli ya meli. Hakimu alimuuliza ana uhakika gani baada ya miaka mitano. Akajibu kwamba watu wote wa jioni ile anawakumbuka, na kwamba angependa kuwasahau.

Ukoo ulimpendekeza Mama kuwa msimamizi wa mirathi, mahakama ikamthibitisha. Malipo ya kahawa yakafunguliwa. Siku hiyohiyo Mama alimtafuta yule mchukuzi akammalizia ujira wake.

Kuzika nini?

Ndipo lilipokuja suala la tanga. Nyumbani kwetu mtu huzikwa kibanjani, kati ya migomba, na makaburi ndiyo hueleza kibanja ni cha nani. Babu yupo pale, na baba yake Babu. Baba angewekwa wapi, na angewekwa nini?

Wazee walikaa siku nzima. Jirani yetu mmoja, mvuvi Mjaluo aliyehamia mwaloni Kemondo, alieleza kwamba kwao, mtu akifa majini asipatikane, huzikwa tunda la mwegea mahali pake, kwa taratibu zote za mazishi. Yule rafiki yetu wa Kyotera, ambaye safari hii alikuja kama ndugu, alisema amesikia kwa Waluhya wa Kenya kwamba huzikwa shina la mgomba. Nilishangaa kwamba watu wengi kiasi hicho kuzunguka ziwa hili wamelazimika kubuni njia ya kumzika asiyepatikana. Ziwa limekuwa likichukua watu kabla ya meli za chuma.

Bibi aliwasikiliza wote, akawashukuru, akakataa. “Shimo ni la mtu,” alisema. “Mimi sina mtu wa kutia.” Hakukataa msalaba. Fundi aliujenga wa saruji kando ya kaburi la Babu, bila tuta, na kabla haijakauka akaandika jina la Baba, majina matatu kamili kama yalivyo kwenye cheti, na tarehe ya Mei 21, 1996. Watu walikuja kutoka Bukoba, Muleba, Mutukula. Walilala nje siku tatu, wakala, wakaimba. Mama alilia kwa sauti mbele za watu kwa mara ya kwanza.

Jioni ya siku ya mwisho Bibi alipakua chakula. Akahesabu sahani, akasita kidogo, akairudisha moja kabatini.

Sitaki kusema kwamba mambo yaliisha hapo. Bibi aliishi miaka 8 zaidi, na mpaka mwisho alimsema Baba kwa wakati uliopo: anapenda ndizi za kuchoma, hapendi kelele. Hatukumsahihisha. Mimi mwenyewe nikiwa Kisumu au Kampala kikazi, bado huwatazama wazee wa umri wake wanaotembea kwa kuinamia mbele kama alivyotembea. Najua ninachofanya, na najua hakina maana.

Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, kikiwa kimepakia kupita uwezo wake wa watu 101, zaidi ya watu 220 walikufa. Nilimpigia Mama simu. Wengi wa waliokuwamo walikuwa wanatoka gulioni. Alichouliza kwanza ni kimoja: “Majina yao yameandikwa?”

Karatasi ya Mama

Mdogo wangu wa kike ndiye aliyerithi biashara. Anavuka Mutukula mara mbili kwa mwezi na mchele, na mara nyingine hupanda MV Victoria kwenda Mwanza. Mama hamruhusu kuondoka nyumbani bila karatasi. Nimewaona wafanyabiashara wenzake wakimcheka, kisha wakiiga. Kwa faida ya msomaji anayesafiri kesho, yaliyomo ni haya.

Anaandika jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, si jina la sokoni. Sokoni anajulikana kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama wanawake wengi, na jina hilo haliwezi kumtambulisha mbele ya hakimu. Anaandika anasafiri na chombo gani, siku gani, na nani amemwona akiondoka. Anaandika anaowadai na wanaomdai, nchi zote mbili, na kila deni linatajwa kwa fedha ya nchi yake. Anaandika namba ya simu ya mtu mmoja anayemwamini upande wa pili wa mpaka, na mtu huyo naye ana namba ya nyumbani. Daftari lenyewe liko katika nakala mbili, moja husafiri na nyingine hubaki.

Melini au kwenye kivuko, karani akisema “panda tu, tutaandika baadaye”, mdogo wangu hasogei. Anasimama pale mlangoni mpaka jina lake liandikwe, na watu nyuma yake wananung’unika. Amewahi kuitwa mchawi kwa ajili hiyo.

Karatasi ile Mama huiweka kwenye sanduku la bati la Bibi, juu ya cheti cha ubatizo cha Baba. Mdogo wangu akirudi salama, huombwa aitoe mwenyewe na kuichana, kisha ndipo anawekewa chakula.